Mahakama ilinipa haki ya kumwona mwanangu. Nilipofika Rutamba nikaulizwa: haki ya kufanya nini?

Wakuu, salaam zenu. Mlionizidi umri shikamooni, kama bado mpo humu. Wadogo, hamjambo.

Haya yamenipata mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha maana baadhi ya wahusika wapo hai na wana simu. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, na pale nilipoona shaka nilikumbuka mara mbili ndipo nikaandika.

Juzi kuna kijana kaleta uzi hapa. Kaachana na mkewe, mke kahamia Mwanza na mtoto, yeye yuko Dar, anaomba ushauri. Nimesoma koment zote. Nusu wanamwambia mburuze mahakamani, nusu wanamwambia achana naye uzae mwingine, kama vile mtoto ni glasi imevunjika.

Nikaona nitoe la kwangu. Ni la zamani, ila baba wa zamani na baba wa leo wanaumia sehemu ile ile.

Miaka ya sabini nilikuwa nauza samaki wakavu na chumvi soko la Kilwa Masoko. Enzi za ujamaa hizo. Ukiulizwa unafanya kazi gani, usiseme biashara. Unasema "nawasaidia wananchi kupata kitoweo." Ukiteleza ukasema biashara, unaitwa bepari. Bepari wa makapu mawili ya papa mkavu.

Mke wangu tumwite Somoe. Mmwera wa upande wa Rutamba, huko ndani ya Lindi. Alikuja Kilwa kuishi na shangazi yake, nikamposa kwa shangazi, nikamwolea kwa shangazi. Kwao nilifika mara moja tu. Baba yake, Mzee Mchopa, alinipokea vizuri, tukala kuku, tukasifiana, nikarudi Kilwa nikijua nimeshamjua mwenye nyumba.

Kosa langu lote lilianzia kwenye yule kuku.

Ndoa haikufika mbali. Sababu sielezi, kila mmoja alikuwa na zake na zote zilikuwa za kweli. Talaka ikatoka, eda ikaisha, Somoe akafunga mizigo akarudi kwao na binti yetu Zainabu. Mtoto alikuwa ndio kwanza anajifunza kuita vitu kwa majina yake.

Nyie wa leo mtasema Kilwa na Rutamba si ni mkoa mmoja, tatizo liko wapi? Tatizo lilikuwa barabara. Mvua ikinyesha inafungwa, mito inajaa, lori linakaa upande huu na nyie mnakaa nalo. Mtu aliyekuwa Rutamba na aliyekuwa ng'ambo ya bahari, kwangu mimi walikuwa mbali sawa.

Nikaenda mahakama ya mwanzo. Sheria mpya ya ndoa ilikuwa imeshatoka, kila mtu anaitaja na hakuna aliyeisoma. Mimi na akili zangu za sokoni nikadai mtoto akae kwangu moja kwa moja. Nilijua nitashushwa, ndiyo maana nilianzia juu.

Hakimu akanishusha kweli. Mtoto bado mdogo, atakaa na mama. Akianza shule, baba ataruhusiwa kumchukua likizo. Likizo zenyewe mbili, mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili. Nilipotoka nje nikazihesabu tena, bado zilikuwa mbili. Nikasema si haba, nimeondoka na kitu.

Ikabidi kusubiri mpaka aanze shule. Kipindi chote hicho sikumwona. Nilikuwa natuma vitu kwa watu wa malori, vinafika pungufu, na salaam zake zinanirudia pungufu vilevile: "Hajambo." Basi. Unamuuliza dereva, amekua? Anakuambia, "Watoto si wanakua."

Mwaka alipoanza darasa la kwanza, Desemba ilipofika nikasafiri. Nilibeba sukari, ambayo kuipata wakati ule ilikuwa habari ya kujuana, nikabeba sabuni, chumvi na samaki, na kanzu mpya ya Mzee Mchopa. Nilijipanga kama mtu anayekwenda kufunga bei. Pale njia panda ya Nangurukuru nikakalia mizigo yangu mpaka lori la Lindi likapita. Lindi nikalala, nikapata lori jingine la kwenda ndani.

Nikafika pale nilipokula kuku zamani. Hakuna mtu.

Wakuu, nyumba zilikuwepo lakini hazina mapaa. Milango imeng'olewa. Mahali pa jiko pameota majani. Nilisimama na sukari yangu mkononi, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni kwamba wamenikimbizia mtoto.

Akapita bwana mmoja ana baiskeli, akanionea huruma. "Unawatafuta kina Mchopa? Operesheni ya vijiji imepita. Wote wako kijiji kipya, barabarani kule, nyumba zimepangwa mstari." Nilikuwa nimewapita nikiwa juu ya lori.

Nikarudi. Kweli, nyumba mistari mistari, kila nyumba kumi na balozi wake. Mzee Mchopa nikamkuta barazani, kazeeka lakini maneno yake yale yale.

"Karibu mwanangu, karibu!"

"Shikamoo baba."

"Marahaba, marahaba."

Nikatoa kanzu. Akaivaa hapo hapo juu ya shati. Nikaeleza habari ya mahakama, likizo mbili, hii ndiyo ya kwanza kuidai, naomba niondoke na Zainabu mpaka shule zikikaribia kufunguliwa.

Mzee akasema sawa. Kila nililosema, sawa. Nikaona hii biashara imekuwa rahisi mno, nikaanza kuwa na wasiwasi. Mimi mtu akikubali bei ya kwanza sifurahi, najiuliza hiki kitu kina kasoro gani. Lakini nikajipa moyo, nikasema huyu ndiye baba wa nyumba, kakubali, kwisha.

Jioni ile nikakabidhi na sukari.

Asubuhi nauliza mtoto ameshafungiwa nguo? Somoe akaniangalia kwa namna ya mtu anayejizuia kucheka. Tulikuwa hatuna ugomvi tena, ila hakuniokoa.

"Umeshaongea na kaka Issa?"

"Nimeongea na baba yako."

"Baba!" Safari hii akacheka wazi.

Hapa nisimame kidogo kwa wasiojua. Kwetu pwani mtoto ni wa baba yake, ukitaka neno kuhusu mtoto unatafuta baba, na baba wa baba. Kwa Wamwera wa wakati ule mtoto ni wa upande wa mama. Mwenye neno juu yake ni mjomba, yaani kaka wa mama. Na mwanamume akioa, mara nyingi anahamia kwao mke. Nilipokwenda mara ya kwanza, huyu Issa alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, sikumwona wala sikumuulizia.

Kwa hiyo Mzee Mchopa, niliyemvalisha kanzu, naye alikuwa kaoa pale. Kaja kama mkwe, kazaa, kazeeka, na bado anahesabiwa mtu wa kuja.

Nikamfuata. "Baba, si ulikubali?"

"Nilikubali kwa upande wangu."

"Na upande wako una uamuzi gani?"

Akafikiri kwa haki kabisa. "Hauna," akasema. Kanzu hakuvua.

Issa alikuja mchana kutoka shambani. Mtu mfupi, mkimya, ana mikono kama mizizi. Nikaanza upya. Sheria, hakimu, likizo. Sukari ilikuwa imeshaingia kwa mzee, nikabaki na chumvi na samaki, nikaviweka mbele yake.

"Weka pembeni hivyo, shemeji. Kwani unanunua nini?"

"Sinunui. Nadai haki yangu."

"Haki ya kufanya nini?"

"Ya kumwona mwanangu."

Issa akageuka, akanyoosha mkono. Kulikuwa na kundi la watoto wanaruka kamba. "Yule mwenye gauni la bluu. Mwone."

Nikamwona. Mrefu kuliko nilivyodhani, meno ya mbele hana. Aliona tunamtazama, akajificha nyuma ya mwenzake.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Basi haki umeshapata. Sasa sema unachotaka."

Nimefanya biashara maisha yangu yote, wakuu. Nimebishana na wavuvi, na madereva, na wanawake wa sokoni ambao ni hatari kuliko wote hao. Hakuna aliyewahi kunifunga bei upesi hivyo.

Nikasema ninachotaka ni kukaa naye. Issa akasema, "Hapo tunaweza kuongea. Huyu hakujui. Nikimpakia kwenye lori na mtu asiyemjua atalia mpaka Lindi, na akifika Kilwa ataendelea. Kaa hapa mpaka akujue."

"Mpaka lini?"

"Mpaka akujue."

"Siku tatu?"

"Shemeji, huyu si papa."

Nikakaa. Nililala kwa Mzee Mchopa, wageni wawili katika nyumba moja. Balozi akaja kuniuliza jina, nimetoka wapi, nimefuata nini. Ulikuwa msimu wa kupanda, kijiji kizima kinatoka kwenda shamba la pamoja, na balozi hakuwa mtu wa kuacha mikono miwili ikae barazani inakunywa chai. Nikapewa jembe.

Mimi mtu wa mizani. Jembe nilikuwa nalijua kwa kuliona. Watu wazima wakanistahi, wakageuza nyuso. Watoto hawakustahi chochote, walikaa juu ya kichuguu wakacheka mpaka wakachoka.

Watoto kazi yao ilikuwa kupita nyuma ya wachimbaji wakitia mbegu kwenye mashimo. Zainabu akapangiwa mstari wangu. Sijui nani alipanga, ila Issa ndiye aliyekuwa anagawa mistari.

Neno la kwanza mwanangu kuniambia tangu ajue kusema vizuri lilikuwa hili: "Mgeni, unachimba kaburi?"

Nikapunguza kina. Baadaye akachoka, nikamsaidia kutia mbegu. Akaja nyuma yangu, akachungulia shimo, akatoa punje moja. "Tatu, mgeni. Wewe umetia nne." Nikabisha, nikasema tatu. Akafukua mashimo mawili ya nyuma akanionyesha. Nne, na nne.

Mkuu, nilifurahi kushindwa hesabu kuliko siku zote nilizoshinda.

Aliniita mgeni muda wote ule. "Mgeni, mama kasema uje kula." "Mgeni, viatu vyako vimenyeshewa." Nilikuwa namwambia mimi ni baba yako, anasema anajua, kisha ananiita mgeni. Siku moja kuna mtoto wa jirani akanicheka nilivyobeba jembe, begani kama mtu aliyebeba mwavuli. Zainabu akamgeukia: "Muache. Ni mgeni wangu."

Hakunitetea kama baba, ila nilikuwa nimepata mwenyeji.

Nikaomba kuondoka naye. Issa akasema, "Bado." Nikaondoka peke yangu na malengelenge.

Mwezi wa sita nikarudi, wakati wa mavuno. Desemba tena, jembe tena. Pale sokoni Masoko wakanipa jina, Mwanakijiji. Rafiki yangu Bakari, tuliyekuwa tunapakana meza, alikuwa ananiambia mbele ya wateja: "Wewe una hukumu ya mahakama, kwa nini unalima kwa watu? Wenzako wanalima kwa kukosa la kufanya."

Nikaendelea kupima chumvi. Issa mwenyewe sikuwa namwelewa. Kila nikimuuliza, "Bado," bila kueleza hiyo bado ina urefu gani.

Halafu likizo ya Juni iliyofuata, kabla sijajiandaa kusafiri, nikiwa sokoni nikasikia mtu anasema "Hodi" katikati ya soko kama vile ni nyumba ya mtu. Issa. Kashika mkono wa Zainabu, wote wawili wekundu kwa vumbi.

"Mtoto anataka kuona kwako," akasema.

Basi. Hakutoa masharti, wala hakutaja wanakaa mpaka lini.

Nikawapeleka nyumbani kwa mama yangu. Mama alimshika mjukuu uso akamgeuza huku na huku kama anatafuta kitu alichokipoteza, kisha akaanza kumlisha na hakuacha.

Habari zikasambaa. Jioni baraza ilijaa. Na hapa ndipo penye kiini cha uzi huu, kwa hiyo someni taratibu.

Bakari akanivuta pembeni. "Sasa mtoto yuko kwako. Kapita miaka saba. Sheria ya dini iko na wewe, ya serikali ukienda kuuliza upya inaweza ikawa na wewe. Mwache mjomba ale, ashibe, umpandishe lori peke yake. Atafanya nini? Hapa hana hata mtu wa kumsalimia."

Wengine wakaitikia. Hata mama yangu, ambaye hapendi dhuluma, alikaa kimya, na kimya cha mama yangu nakijua. Alikuwa anamtaka mjukuu wake.

Nikapiga hesabu. Nikapiga tena. Zote mbili zilinipa jibu moja: Bakari anasema kweli, naweza. Miaka yote nilikuwa naomba mzigo ulio mkononi mwa mtu mwingine, na leo mzigo uko ndani ya nyumba yangu, bei naitaja mimi. Issa alikaa kona ya baraza anakula taratibu, hamtazami mtu. Hakuna kitu pale kilichokuwa upande wake.

Bakari akaona nasita, akaamua kunisaidia. Akamwita mtoto kwa sauti ya kusikika na wote. "Zainabu! Hapa ni kwenu. Utakaa na baba yako?"

Alikuwa anachambua mifupa ya samaki, kazi ngumu kwa mtoto wa bara. Hakuinua kichwa.

"Nitakaa," akasema. "Halafu shule zikikaribia baba atanirudisha."

Hakuwa ananiuliza wala kuniomba. Alisema kama unavyosema kesho ni Ijumaa, akaendelea na mfupa wake. Na mniangalie hapo: kasema baba. Ndiyo mara ya kwanza niliisikia, na ilikuja pamoja na kurudishwa.

Nilielewa kwamba vile viwili ni kitu kimoja. Huyo anayemwita baba ni yule atakayemrudisha. Nikimzuia, atabaki na mtu mwingine, labda mgeni, labda mbaya zaidi.

Nikamwambia Bakari mbele ya watu, "Umesikia ratiba."

Walikaa mpaka shule zikakaribia. Issa alinisaidia kazi ya chumvi, na nikiri hapa hadharani kwamba mizani aliielewa upesi kuliko mimi nilivyolielewa jembe. Siku ya kuondoka nikawasindikiza mpaka Nangurukuru. Tukasubiri lori, mtoto kakaa juu ya mzigo anakula embe kavu.

Nikamuuliza Issa, "Ungefanya nini ningekataa kumtoa?"

"Ningerudi peke yangu. Wakati naondoka nilimwambia dada ajiandae, huenda nikarudi mikono mitupu. Alilia. Alilia, lakini nguo za mtoto akafunga."

"Mliwaza hilo na bado ukamleta? Kwa nini?"

Akatazama barabara. "Alikuwa ananiuliza kila siku kwako kukoje. Mlango uko wapi, bibi yake anapika nini, wewe unalala wapi. Mimi sikujua. Nikawa natunga. Nikachoka kutunga, shemeji."

Lori likaja. Zainabu akapanda, akanipungia mara moja, akaanza kugombea nafasi ya kukaa karibu na kichwa cha lori. Sikulia. Vumbi la Nangurukuru mnalijua wenyewe.

Tangu siku hiyo sikuambiwa tena bado. Mwezi wa sita na wa kumi na mbili mtoto alikuja, mara na mjomba, mara kakabidhiwa kwa mama fulani anayesafiri. Akapata mazoea ya nyumba mbili bila kuambiwa achague moja. Ile hukumu ya mahakama sikumwonyesha mtu tena, na hadi leo sijui iliishia wapi.

Sasa nilichojifunza, na sisemi kwamba kila kesi iko hivi. Kuna mama wanaoficha watoto kwa makusudi, kuna baba hatari wanaostahili kufichwa, hao mahakama ndiyo dawa yao. Mimi nazungumza na wewe wa katikati, ambaye una haki yako kwenye karatasi na bado usiku unajiuliza mtoto anakujua au hakujui.

Karatasi itakuambia siku gani umwone. Mtoto haishi na karatasi, anaishi na watu, na hao ndio wanaomwandaa akufurahie au akuogope. Mimi niliwapelekea sukari, wakanipa jembe, na ukipiga hesabu vizuri nilipata faida. Halafu siku ukishapewa mtoto, mrudishe siku mliyokubaliana. Hiyo ndiyo itakayokupa mara ya pili.

Karibuni kwa maoni. Mwenye kukosoa akosoe, mwenye matusi alete, nimekaa sokoni miaka mingi, sitarajii tusi jipya.

Na wewe kijana ambaye mwanao yuko Mwanza, naomba unijibu swali moja tu kabla hujatafuta wakili. Kuna mtu huko anamwogesha mwanao, anampeleka shule, anamjibu anapouliza baba yuko wapi. Labda ni bibi, labda mjomba, labda jirani. Jina lake nani?

Kama hulijui, anzia hapo.